Kona ya Baba Mkubwa

Mimi sijui kunyamaza. Marehemu baba alikuwa hivyo hivyo, na kaka yake, Baba Mkubwa Kornelio, yuko hivyo mpaka leo. Ndiyo maana siku nilipomwambia aibomoe kona aliyoijenga, tena mbele ya majirani wote, hata kuku waliokuwa wanachakura pale uwanjani nadhani walijua hapatakuwa na usalama.

Lakini nianze na nyumba yenyewe.

Masika ya mwaka jana ukuta wa nyuma wa nyumba ya mama yangu uliporomoka. Ilikuwa asubuhi, mama yuko jikoni nje anawasha moto, na hilo ndilo lililomwokoa. Nilikuja mbio kutoka kwangu ng'ambo ya bonde, nikakuta kitanda chake kimefukiwa na udongo, kimebaki kipande cha mto tu kinaonekana. Niliutazama ule mto nikalia kwa sauti, na sioni aibu kusema.

Kesho yake kaka yangu Anord alipanda kutoka Mazinde, kule chini tambarare. Ana duka la vipuri vya pikipiki kando ya barabara kuu, na nyumba ya bloku yenye vigae sakafuni. Akasema mama anashuka naye, mjadala umefungwa. Mama alishawahi kukaa kwake mwezi mmoja. Alirudi miguu imevimba, akisimulia kwamba kule hata maji ya bomba yanatoka ya moto, na kwamba usiku alikuwa anaota ukungu wa kwetu huku juu ya Soni. Hakutaka kwenda. Ila mama ni mjane aliyechoka, na Anord ndiye mwanawe wa kiume wa pekee, basi akaanza kukunja kanga zake kimyakimya. Nikaona nisiposema mimi hakuna atakayesema.

Nikamwambia Anord nitamjengea mama nyumba nyingine, ya udongo, na haitaanguka. Alicheka mpaka akakaa chini. Mwishowe, kwa kuwa anajua nikishikilia jambo siachii, akatoa sharti lake: nijenge, lakini masika ijayo ndiyo itakayoamua. Ikipita na nyumba imesimama, mama anabaki. Ukuta ukiteleza hata upande mmoja, atakuja na gari na hatamuuliza mtu.

Mama akalala kwangu miezi yote ile. Mimi nikaanza kwa kuchambua kifusi.

Watu waliona nimechanganyikiwa, kila siku niko pale na jembe nageuzageuza udongo wa ukuta ulioanguka. Nilikuwa natafuta kitu kimoja. Ukuta wote wa nyuma ulilala chini isipokuwa kipande kilichokuwa chini ya dirisha, na hicho kilisimama peke yake kama jino la mzee. Nilipokivunja nikakuta senyenge ndani. Hapo nikakumbuka: zamani wezi walikuwa wanatoboa kuta za udongo usiku na kuchomoa redio, na baba, ambaye redio yake aliipenda kuliko baadhi ya ndugu zake, alizika senyenge chini ya lile dirisha ili mwizi akitoboa akutane na miiba. Mwizi hakuja. Lakini udongo ulioshikwa na ile senyenge haukuondoka, na ule ambao haukushikwa na kitu ulikwenda wote.

Kutoka hapo sikuwa na wasiwasi tena. Matofali ya kuchoma yanakula kuni nyingi, na misitu yetu si ya kuchezea. Bloku kuzipandisha kutoka Mombo ni gharama ya kujengea nyumba nyingine. Udongo uko hapo hapo, mwekundu, wa bure, na kosa lake ni kwamba peke yake ukikauka unapasuka. Nikauchanganya na mchanga wa mtoni na makapi ya katani niliyoyakatakata kwa panga, mafupi kama kidole. Nilifyatua matofali ya majaribio, nikayakausha kivulini chini ya majani ya migomba, nikayadondosha kutoka kiunoni. Yalipovunjika nikabadilisha mchanganyiko, mpaka yakaacha kuvunjika.

Katani na senyenge kuukuu nilivifuata Mazinde mwenyewe. Anord alipoyaona mazungusho yale ya senyenge yenye kutu akaniuliza mbele ya wateja wake, "Dada, unajenga nyumba au unafuga ng'ombe?" Wote wakacheka. Nikamwambia anisaidie kupakia.

Sasa kwetu nyumba haijengwi na mtu mmoja. Tuna ngemo. Ukiwa na kazi kubwa unawaita majirani, wanakuja na majembe na ndoo zao, wanafanya kazi ya siku moja, wewe unawalisha, na kesho wakikuita unakwenda. Chakula ndicho kinachofunga ngemo. Watu wakishakula nyama na wali, kazi imekwisha, hakuna anayerudi kuinama tena. Na sifa ya ngemo ni kumaliza siku hiyo hiyo. Kijiji cha upande wa pili wa mlima walisimamisha kuta za nyumba nzima kabla jua halijazama, na wakaisema habari hiyo mwaka mzima, kanisani na sokoni. Kiongozi wa ngemo yetu ni Baba Mkubwa Kornelio, na ile habari yao ilikuwa imemkaa kooni.

Jumamosi ile walikuja wengi kuliko nilivyotarajia. Msingi wa mawe ulikuwa tayari, umepanda mpaka magotini ili maji ya mvua yasirukie ukuta. Niliwaeleza taratibu: kila kozi ya tatu ya tofali, senyenge inalazwa juu yake kuizunguka nyumba yote, na kwenye kona haikatwi, inapinda na kuendelea. Nikaomba pia siku hiyo tusipandishe zaidi ya kiuno, ule udongo wa kuunganishia upate kushika. Waliitikia vizuri. Baba Mkubwa akachagua kona ya nyuma, inayotazama mlima, kwa kuwa ndiyo ngumu kuliko zote, na mimi nikaenda jikoni nikiwa na furaha.

Jikoni nilikuwa na jirani yangu Mwanahawa. Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye mti wa mgrivilea, na mume wa Mwanahawa, Nassoro, ndiye angemchinja, ili Waislamu na Walutheri wale sufuria moja kama siku zote. Tulianza na makande ya mchana. Nilisikia wimbo wa kazi unakwenda mbio, nikafikiri ni furaha tu.

Nilipotoka na ndoo ya togwa, kuta zilikuwa kifuani. Zilikuwa zimenyooka, nzuri za kupigia picha. Lakini senyenge yangu ilikuwa imelala pale pale nilipoiacha asubuhi, na kuku mmoja amekaa katikati ya zungusho. Walikuwa wamelaza mzunguko wa kwanza tu. Kwenye kona ya Baba Mkubwa udongo wa kuunganishia ulikuwa umeanza kubinuka nje kati ya tofali na tofali. Niliweka kiganja nikasukuma kidogo, nikausikia ukuta unakwenda na mkono wangu.

Nilimuuliza Baba Mkubwa mbona senyenge haikulazwa. Akasema inachana watu mikono na inachelewesha, na kwamba matofali yangu ni mazuri mno, yatajishika yenyewe. Alikuwa ananisifu kweli, uso wake umejaa fahari. Mimi sikuuona uso wake. Niliuona ule mto chini ya kifusi.

"Baba Mkubwa," nikamwambia, "naomba kona hii ishushwe."

"Ishushwe mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye senyenge ya kwanza."

Wimbo ukakatika. Akanitazama kama mtu anayengoja utani uishe. Akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye amejenga nyumba kijijini hapa kabla sijazaliwa. Nikajibu kwamba najua, na bado naomba ishushwe. Aliposimama bila kusogea, nilianza kuyatoa matofali ya juu mwenyewe, moja moja, nikiyapanga chini. Yalitoka bila nguvu kabisa, na hilo nadhani lilimuuma zaidi. Alifuta mwiko wake kwenye suruali, akauweka mfukoni, akaondoka. Baba mkubwa wa mtu, mvi kichwa kizima, anashuka mteremko peke yake na watu wanamwangalia.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikaongeza. Niliwaambia waliobaki kwamba kuta nyingine nazo zishuke mpaka kozi ya tatu, kwamba makande yapo na ni ya kutosha, ila mbuzi hachinjwi leo. Atachinjwa siku lenta, ule mkanda wa kufunga kuta zote, itakapokaa juu.

"Ngemo haijawahi kulala," mtu mmoja akasema.

"Basi hii italala," nikasema.

Walikula makande wakaondoka. Mwanahawa alisubiri tubaki wawili, akiosha masufuria kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Halafu akaniambia, "Kwenye ukuta umepata, Dorkasi. Kwa watu umekosa." Nikamjibu vibaya, na usiku sikupata usingizi.

Jumatatu nilikwenda kwenye kiwanja nikijua nitakuwa peke yangu. Nilikuta Nassoro ameshafika, kisha wakaja wengine wawili, kisha wengine. Hakuna aliyesema amekuja kwa ajili gani, lakini kila aliyefika alimtupia jicho mbuzi kwanza. Ngemo ilikuwa haijafungwa, chakula chake kiko hai kimesimama kinatafuna majani, na hakuna mtu wa kwetu anayeweza kuiacha kazi katika hali hiyo na akalala vizuri. Tulifanya kazi asubuhi, tukaacha kuta zikauke, tukarudi. Watu walilaani senyenge lakini waliilaza. Kuta zikapanda polepole, kona tatu zikafika kwenye madirisha.

Kona ya nne ilibaki chini. Kwetu kona ni ya aliyeianza. Mwingine akiimalizia ni kama anasema wa kwanza hakuweza. Nilimwomba Nassoro, ambaye hamwogopi mtu, akatikisa kichwa. Nikataka kuijenga mwenyewe, wakaweka vifaa chini wote. Kuta mbili zilikuwa zinakwenda kukutana mahali ambapo hapana kitu, na bila kona ile hapakuwa na lenta, hapakuwa na paa, hapakuwa na nyumba. Mawingu yakaanza kurundikana upande wa tambarare. Jioni moja Anord akapiga simu kumsalimia mama, na kabla hajakata akaniambia gari lake limetoka gereji, liko tayari.

Nikaenda kwa Baba Mkubwa. Alikuwa barazani anachambua mbegu za maharage kwenye ungo. Nikamwamkia, shikamoo, na marahaba yake ilichukua muda mrefu kufika. Hakunikaribisha kukaa. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njia nzima, ya kumweleza udongo unavyolemewa ukiwa mbichi, na mzigo wa mlima kwenye kona ile. Nikaona anayajua yote. Alishajenga nyumba za kutosha. Kilichomtuma siku ile ni wale watu wa upande wa pili wa mlima na maneno yao.

"Baba Mkubwa," nikasema, "sikuja kuomba radhi kwa kubomoa. Ningebomoa hata leo. Nimekuja kuomba radhi kwa kukubomolea mbele za watu."

Aliendelea kutupa mawe kutoka kwenye maharage. Niliona vidole vyake vinapunguza mwendo. "Baba yako angeibomoa vile vile," akasema mwishowe. "Ila angenivuta pembeni kwanza."

Machozi yalinitoka, kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa miaka mingi ilikuwa imepita bila mtu kunitajia baba hivyo, kama jirani anayetarajiwa kurudi. Baba Mkubwa akajifanya haoni. Akauliza mbuzi anaendeleaje.

Kesho yake alikuja alfajiri na mapema, plaizi mfukoni na soksi kuukuu amezivaa mikononi dhidi ya miiba. Watu walimeza vicheko vyao. Aliinua kona ile kozi kwa kozi, na senyenge aliipinda bila kuikata, akaikaza mpaka ikatoa sauti ukiigusa. Alikuwa mkali kuliko mimi. Alizunguka kona nyingine kukagua, na moja akaitikisa, hakuipenda, akaamuru ishushwe. Aliyekuwa ameijenga alifungua mdomo, akaangalia zile soksi, akaufunga. Kabla ya kuamuru, Baba Mkubwa alikuwa amemshika bega na kumpeleka nyuma ya migomba, nilimwona.

Lenta tuliifunga kwa miti ya mkaratusi, imeshikana pembe zote nne na kufungwa chini kwenye kuta. Nassoro akachinja. Ngemo ikafungwa, watu wakala mpaka wakanyamaza. Mabati ya nyumba ya zamani yakarudi juu, tukayatoa nje zaidi upenu uwe mpana, na mama akahamia na kitanda kipya. Anord alikuja siku moja kuangalia. Aliupiga ukuta teke, akainama kusafisha kiatu, akasema masika haijaja.

Ikaja. Ilinyesha kama inavyojua kunyesha huku kwetu, mabonde yote yakasikika. Asubuhi moja nilikuwa nafungua mfereji kwenye kabichi zangu, mwanangu mdogo yuko barazani, nikasikia mlio mzito kutoka ng'ambo. Nikainua macho. Tuta la shamba la juu ya nyumba ya mama lilikuwa limemeguka, na ukanda wa tope umeshuka moja kwa moja mpaka nyuma ya nyumba. Jembe sijui nililitupa wapi. Nilivuka bonde nikiwa sisemi sala yoyote ya maana, nasema tu mama, mama, mama.

Tope lilikuwa limeegemea kona ya nyuma mpaka usawa wa dirisha, na jiwe kubwa lililokuja nalo limekaa pale pale lilipogonga. Kona ilikuwa imesimama. Ufa ulianzia juu karibu na lenta, ukashuka, ukafika kwenye senyenge, ukaishia hapo. Mama alikuwa mlangoni, viatu amevivaa cha kulia mguu wa kushoto, mzima kabisa. Nilimkumbatia, naye akaanza kunigombeza kwa Kishambaa kwa kuacha mtoto wangu mdogo peke yake na mvua yote ile. Sijawahi kugombezwa vizuri hivyo.

Anord alifika kabla ya mchana. Mtu alikuwa amempigia, na gari lilikuja limeshatandikwa turubai la kufunikia vyombo vya mama. Hakutusalimu, alikwenda nyuma moja kwa moja. Alilitazama jiwe, akautazama ukuta, akasukuma kwa mikono miwili, kisha kwa bega. Halafu akaingiza kidole kwenye ule ufa kuona umeingia mpaka wapi, akaruka nyuma na kukinyonya.

"Kuna nini humo ndani?" akauliza.

"Ile ya kufugia ng'ombe," nikasema.

Alinitazama, kidole mdomoni kama alipokuwa mdogo, na nikaona amenielewa. Mama alikuwa amesimama nyuma yetu, viatu sasa ameviweka sawa. Alimwambia ile turubai aliyokuja nayo akaitandike kule juu tuta lisizidi kumeguka, achukue beleshi amwondolee tope dirishani, halafu aingie anywe chai. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliye nyumbani kwake. Anord akaenda kwenye gari, akaishusha turubai.

Majirani walishaanza kujaa. Baba Mkubwa alikuja wa mwisho, na mwavuli wake, akalizunguka lile tope bila haraka. Aliipapasa kona yake kuanzia chini mpaka alipofikia mkono. Kisha akawageukia watu.

"Kona hii niliijenga mara mbili," akasema. "Siku hizi watu wanajenga mara moja tu, halafu wanataka nyumba isimame."

Wote wakanigeukia mimi. Mwanahawa alikuwa ameshaanza kutabasamu, Nassoro ameweka ndoo chini ili asikie vizuri. Walikuwa wanangoja nifungue mdomo, na maneno nilikuwa nayo, yamejaa.

"Ni kweli, Baba Mkubwa," nikasema. Nikamshika mkono nikamwingiza ndani, nikamsogezea kiti mpaka nyuma kabisa, akakaa akaiegemea kona yake, na mama akammiminia chai.